Saa 16 kwa Wiki: Hesabu ya CNA Anayetafuta Chuo cha Uuguzi

Mwaka 2024 msaidizi wa muuguzi nchini Marekani, yule tunayemwita CNA, alilipwa dola 18.96 kwa saa. Muuguzi mwenye leseni ya LPN alilipwa dola 29.97, na muuguzi kamili, RN, dola 45. Ni viwango vya katikati vya Ofisi ya Takwimu za Kazi ya nchi hiyo, inayowahesabu CNA pamoja na wahudumu wa wodi: nusu ya watu wa kila kada wanapata zaidi ya hapo, na nusu wanapata chini yake. Kwa mwaka mzima ni dola 39,430 kwa CNA, 62,340 kwa LPN na 93,600 kwa RN. Mara nyingi watatu hao wanamhudumia mgonjwa mmoja, katika zamu moja.

Kiswahili kimezoeleka katika nyumba za wazee za Worcester na Lowell kule Massachusetts, na kwenye vitongoji vya Minneapolis, Dallas na Seattle. Kuna Mkenya aliyekuja na viza ya masomo, Mtanzania aliyeshinda bahati nasibu ya grinikadi, Mkongomani aliyekaa miaka katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kupandishwa ndege. Kazi ya CNA huwapokea mapema kwa sababu mlango wake ni mfupi: sheria ya shirikisho inadai mafunzo ya saa 75 tu, ingawa majimbo mengine huongeza, California hadi 160 na Maine hadi 180. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya kugeuza wagonjwa, kuwaogesha na kukimbilia kengele za vyumbani, mtu huanza kuuliza pa kusomea uuguzi. Jibu analolipata kwa wenzake huwa ni jina la chuo chenye ada nafuu, au jina la chuo kinachopokea haraka.

Majibu hayo yote mawili yanamwacha na nusu ya hesabu. Chuo cha kuchagua ni kile kinachomfikisha kwenye leseni kwa gharama ndogo kuliko vingine vyote, na katika gharama ya leseni ada ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni saa za kazi anazozikosa, miezi anayosubiri, na uwezekano wa kuingia chuoni asitoke na leseni. Kwa mtu anayelipwa kwa saa, chuo kinanunuliwa kwa saa.

Tuimalize ada kwanza. Kwa takwimu za shirika la College Board za mwaka wa masomo 2024–25, chuo cha umma cha miaka miwili, kile cha jamii, kilitoza wastani wa dola 4,050 kwa mwaka kwa mkazi wa eneo hilo. Chuo kikuu cha umma kilitoza mkazi wa jimbo dola 11,610. Chuo binafsi kisicho cha kibiashara cha miaka minne kilitoza dola 43,350. Hizo ni bei zilizotangazwa, kabla ya msaada wowote.

Misaada ipo, na kwa mfanyakazi wa kipato hiki ni mingi kuliko wengi wanavyodhani. Ufadhili wa Pell, ambao haurudishwi, ulifika dola 7,395 kwa mwaka wa 2024–25, kiasi kikitegemea kipato na ukubwa wa kaya. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kuomba, na mkimbizi aliyepokelewa kisheria pia. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi. Massachusetts ilifanya vyuo vya jamii kuwa bure kwa wakazi wenye umri wa miaka 25 na zaidi mwaka 2023, kisha kwa wakazi wote wasio na shahada mwaka 2024. Minnesota, kuanzia msimu wa vuli wa 2024, inafuta ada ya vyuo vya umma kwa familia zenye kipato chini ya dola 80,000.

Halafu yupo mwajiri. Sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu kumlipia mfanyakazi masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kiasi hicho kukatwa kodi. Ilinganishe na dola 4,050 za chuo cha jamii. Nyumba ya wazee au hospitali yenye mpango huo inaweza kubeba ada nzima na ikabaki dola 1,200 ya vitabu. Wapo CNA waliofanya kazi miaka minne mahali penye mpango huu bila kuwahi kwenda kuuliza ofisi ya rasilimali watu. Nenda ukaulize, na uulize kwa undani: wanalipa muhula unapoanza, au wanarudisha fedha baada ya kuona alama? Wanataka saa ngapi kwa wiki ili uendelee kustahili? Ukimaliza, unafungwa kuwatumikia miaka mingapi, na ukiondoka mapema unadaiwa nini? Mkataba wa miaka miwili katika kituo kizuri si mbaya. Mkataba huohuo mahali pasipo na watumishi wa kutosha, kwa RN mpya anayeachiwa korido nzima usiku, ni bei kubwa, nami ningeikataa.

Sasa saa. Tazama wiki moja ya mwanafunzi wa uuguzi aliye katikati ya masomo. Jumatatu yuko darasani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Jumanne ni maabara ya stadi: anaingiza mpira wa mkojo kwenye sanamu, mwalimu amesimama pembeni, na kidole kikigusa kisichotakiwa anavua glovu na kuanza upya. Jumatano na Alhamisi yuko wodini, amefika saa kumi na mbili na nusu ili asikilize ripoti ya zamu ya usiku, anatoka saa tisa alasiri, na jioni anaandika mpango wa huduma wa mgonjwa aliyepewa, kurasa kadhaa, unaotakiwa kabla ya usiku wa manane. Ijumaa anasoma na kulala. Jumamosi na Jumapili anavaa sare nyingine na kwenda kazini, saa moja asubuhi hadi saa moja jioni.

Zamu hizo mbili ni saa 24. Alikuwa akifanya 40. Amepoteza saa 16 kwa wiki.

Mwaka wa masomo wenye mihula miwili una takriban wiki 32. Saa 16 mara wiki 32 mara miaka miwili ya programu ni saa 1,024, na kwa dola 18.96 kila saa ni dola 19,415. Tuchukue mfano wa njia iliyo ya kawaida: mwaka mmoja wa masomo ya awali unaosomwa jioni au mtandaoni bila kupunguza kazi, kisha miaka miwili ya programu. Ada ya miaka mitatu ni dola 12,150. Nakadiria dola 3,000 za sare, vitabu, chanjo, uchunguzi wa rekodi za polisi na malipo ya mitihani. Jumlisha mshahara uliopotea, unapata dola 34,565, na zaidi ya nusu yake ni saa zile 16. Pell au mwajiri akilipa ada yote, zinabaki dola 22,415, na hapo saa zilizopotea ni asilimia 87 ya gharama. Namba hiyo haipo kwenye karatasi ya chuo chochote, kwa sababu chuo hakiidai.

Saa hizo zina mkia. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 inamhesabu mfanyakazi wa saa 30 kwa wiki kuwa wa muda kamili, na mwajiri mwenye watu 50 au zaidi hubanwa kumpa bima mtu wa aina hiyo. Ukishuka hadi 24 unaweza kuikosa bima ya kazini, na pengine msaada wa masomo pia, ikiwa masharti yake yamefungwa na saa. Mama wa watoto wawili anayelipia bima peke yake sokoni anaweza kupoteza faida yote ya chuo nafuu kabla ya likizo ya Krismasi. Kwa hiyo kati ya vyuo viwili, kile chenye ratiba inayokuachia saa 30 kina thamani kuliko kinavyoonekana. Programu za jioni na wikendi zipo, ingawa huchukua muda mrefu zaidi. Baadhi ya nyumba za wazee nazo bado zina mpango wa wikendi unaoitwa Baylor, kwa jina la hospitali ya Dallas ulikoanzia, ambapo zamu mbili za saa 12 hulipwa kama saa 36 au karibu na hapo. Mwenye nafasi hiyo asiiachie kabla ya kupata leseni.

Uliza pia ratiba ya mafunzo ya wodini hutolewa lini. Swali hili halimo kwenye vipeperushi, na ndilo linalovunja watu. Kuna vyuo vinavyotoa ratiba wiki moja au mbili kabla ya muhula, wakati msimamizi wako wa zamu amekwisha kupanga mwezi mzima. CNA anayejua siku zake miezi miwili mapema atabadilishana zamu na wenzake. Asiyejua atakosa kazi au atakosa wodi, na vyuo vingi humwondoa mwanafunzi aliyekosa siku mbili au tatu za wodini.

Umbali nao una bei. Mamlaka ya kodi ya Marekani iliweka gharama ya kuendesha gari kwa shughuli za kazi mwaka 2025 kuwa senti 70 kwa maili, ikijumuisha mafuta, bima, matengenezo na uchakavu. Chuo kilicho maili 40 kutoka nyumbani, siku tatu kwa wiki, ni maili 240 kwa wiki na maili 7,680 kwa mwaka wa masomo. Kwa senti 70 ni dola 5,376, zaidi ya ada ya mwaka ya chuo cha jamii. Na uulize wodi za mafunzo ziko wapi, maana chuo kinaweza kuwa jirani na hospitali zake zikawa wilaya ya tatu.

Nimegusia masomo ya awali kwa haraka, na yanastahili aya yake. Anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia na uandishi wa Kiingereza: hayo ndiyo yanayotangulia programu nyingi. Yanasomwa polepole, mojamoja ikibidi, huku ukifanya kazi saa zote 40. Lakini yanachakaa. Vyuo vingi havikubali somo la sayansi lililosomwa zaidi ya miaka mitano au saba iliyopita, na vingine havipokei maabara ya mtandaoni. Chagua vyuo vitatu kabla ya kulipia somo la kwanza, weka orodha zao pamoja, na usome yale yanayokubalika kotekote.

Vyuo vitatu, kwa sababu nafasi ni chache. Mwaka 2023 vyuo vinavyotoa shahada za uuguzi vilikataa maombi 65,766 yenye sifa, kwa takwimu za chama chao, AACN. Walimu na wodi za kufundishia havikutosha. Vyuo vya jamii vina msongamano wake, na kila kimoja huchuja kwa namna yake: kimoja kwa foleni, kingine kwa kura, kingine kwa pointi zinazochanganya alama za sayansi na mtihani wa TEAS wenye maswali 170. Hapa cheti chako cha CNA kina uzito usiolingana. Vipo vinavyokipa pointi, vipo vinavyokidai kama sharti, na vipo visivyokitazama kabisa. Anza na vile vinavyokipa pointi; jasho hilo umekwisha kulitoa.

Foleni ndiyo inayovipa nguvu vyuo vya kibiashara, na hoja yao haipaswi kudharauliwa. Afisa wa udahili atakuambia: "Kila mwaka unaokaa foleni unapoteza tofauti kati ya mshahara wa RN na wa CNA." Ni kweli. Tofauti ya viwango vya katikati ni dola 54,170 kwa mwaka. Tuseme chuo chake kinatoza dola 60,000 kwa programu nzima na kinakupokea mwezi ujao, na cha jamii, pamoja na zile dola 3,000, kinakugharimu 15,150. Umemzidishia dola 44,850. Kwa tofauti hiyo ya mshahara, chuo cha kibiashara kinajilipa kikikuokolea miezi kumi hivi.

Tatizo ni kwamba RN mpya haanzi katikati. Asilimia kumi ya RN wa chini kabisa walipata chini ya dola 66,030 mwaka 2024, na mhitimu wa mwaka wa kwanza, hasa nje ya miji mikubwa, yuko karibu zaidi na chini kuliko na katikati. Kutoka 39,430 hadi 66,030 ni dola 26,600. Kwa tofauti hiyo, ili zile 44,850 zirudi, chuo cha haraka lazima kikuokolee miezi 20, na hapo hatujakata kodi wala kuhesabu riba. Mikopo ya shirikisho kwa mwanafunzi anayejitegemea ina ukomo: dola 9,500 mwaka wa kwanza na 10,500 wa pili. Hata ukipata Pell kamili kwa miaka yote miwili, dola 14,790, kwenye zile 60,000 zinabaki dola 25,210 za kutafuta mfukoni au kwenye mkopo wa benki binafsi, usio na huruma za mkopo wa serikali. Mwenye foleni ya miaka mitatu mbele yake na fedha za mwajiri nyuma yake anaweza kuona hesabu inakubali. Mwenye foleni ya mwaka mmoja, naye bado ana sayansi mbili za kumaliza, hasubiri chochote. Mwaka huo anauhitaji kwa vyovyote.

Yote hayo yanachukulia kwamba utafika mwisho. Leseni ya RN hupatikana kwa mtihani wa NCLEX: dola 200 za kujisajili, maswali kati ya 85 na 150, saa tano kwa wingi. Waliosoma Marekani na kuufanya kwa mara ya kwanza walifaulu kwa takriban asilimia 80 mwaka 2022, karibu 89 mwaka 2023 na karibu 91 mwaka 2024. Bodi ya Uuguzi ya kila jimbo hutangaza kiwango cha kila chuo, na majimbo mengi yameweka mstari usiovukwa kwenda chini: Texas asilimia 80, California 75. Fungua jedwali la bodi yako usome miaka mitano ya kila chuo unachokitaka, maana mwaka mmoja mzuri unaweza kuwa wa darasa moja dogo. Chuo kilichoyumba kati ya 70 na 95 kinabadilisha walimu au kinabadilisha wanafunzi, na vyote viwili vinakuhusu.

Lakini kiwango cha kufaulu kinawahesabu waliofika kwenye mtihani tu. Chukua vyuo viwili vya mfano, kila kimoja kikiingiza watu 100. Cha kwanza kinahitimisha 85, na asilimia 88 ya hao wanafaulu: leseni 75. Cha pili kinahitimisha 50, na asilimia 98 wanafaulu: leseni 49. Kwenye jedwali la bodi cha pili kinang'aa. Kwenye maisha ya watu 51 kimeacha deni bila leseni. Njia za kupunguza darasa ni nyingi: alama ya kuvuka iliyopandishwa hadi 78 au 80, sharti kwamba ukianguka masomo mawili umefukuzwa, na mtihani wa kutokea unaomzuia mtu muhula wa mwisho hata kama amefaulu madarasa yote. Baadhi ya masharti hayo yana sababu, kwani muuguzi asiyejua kukokotoa dozi anaua. Ila mwombaji ana haki ya kujua: kati ya walioanza, wangapi walimaliza kwa wakati? Vyuo vyenye ithibati hukusanya takwimu hiyo. Afisa wa udahili anayekwepa swali hili amekujibu.

Kwa CNA anayelea familia, njia ninayoipa uzito kuliko inavyopewa ni ya kupitia LPN. Programu yake huchukua takriban mwaka mmoja. Fanya hesabu ya wiki: LPN wa saa 24 anapata dola 719, na CNA wa saa 40 anapata dola 758. Tofauti ni dola 39 na senti 12. Maana yake, ukishakuwa LPN unaweza kwenda kusoma RN, ukafanya zamu mbili tu kwa wiki, na nyumba ikaendelea kula karibu kama ilivyokuwa inakula. Mwaka wa LPN utakugharimu saa 512, sawa na dola 9,708. Mwaka wa daraja kutoka LPN kwenda RN utakugharimu zile dola 39.12 mara wiki 32, yaani dola 1,252. Jumla ya mshahara uliopotea ni dola 10,960, badala ya 19,415. Unaokoa dola 8,455, na ukiumwa au mzazi akifariki nyumbani ukalazimika kusimama njiani, unasimama ukiwa na leseni mkononi na kipato cha LPN.

Ina kasoro zake. Kuna mtihani wa ziada, NCLEX-PN. Programu za daraja nazo zina foleni, na si zote zinamaliza kwa mwaka mmoja. Hospitali nyingi haziwaajiri LPN wodini, kwa hiyo utabaki kwenye nyumba za wazee kwa muda. Na kuna hatari ya kuzoea: kipato kimepanda, gari limebadilishwa, na ile safari ya RN inaahirishwa kila mwaka. Anayeijua nafsi yake kuwa hivyo aende moja kwa moja.

Vipo vyuo ambavyo hesabu yake haina haja ya kufanywa. Januari 2023 serikali ya Marekani iliwashtaki watu 25 katika uchunguzi ulioitwa Operation Nightingale: vyeti bandia zaidi ya 7,600 vya uuguzi vilikuwa vimeuzwa na vyuo vitatu vya kusini mwa Florida, wanunuzi wengi wakilipa kati ya dola 10,000 na 15,000 kila mmoja bila kusoma. Takriban 2,400 kati yao walifaulu NCLEX, na baadhi wakaja kupokonywa leseni. Mwezi mmoja baadaye, Connecticut, Stone Academy iliyofundisha LPN ilifunga milango ghafla na kuwaacha wanafunzi zaidi ya 800 wakihangaika na saa zao za mafunzo. Anayekuambia kwamba kuna mahali "unamaliza kwa miezi minne, huhitaji kwenda wodini" anakuuzia kesi, hata kama ni shemeji yako na anakuambia kwa mapenzi.

Kinga iko katika vitu viwili. Kibali cha Bodi ya Uuguzi ya jimbo ndicho kinachokuruhusu kufanya NCLEX. Ithibati ya mashirika ya ACEN, CCNE au CNEA ndiyo inayofanya masomo yako yatambulike unapoendelea na shahada au unapoomba kazi katika baadhi ya hospitali. Chuo kinaweza kuwa na cha kwanza kikakosa cha pili, na hapo unapata RN isiyosonga mbele.

Shahada ya kwanza, BSN, nimeiacha hadi hapa kwa makusudi. Ina umuhimu: utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la JAMA, kwa wagonjwa wa upasuaji wa Pennsylvania, ulionyesha kwamba kila ongezeko la asilimia kumi la wauguzi wenye shahada liliendana na upungufu wa asilimia tano katika uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. New York ilipitisha sheria mwishoni mwa 2017 inayowataka RN wapya wapate shahada ndani ya miaka kumi. Lakini anayeanza na CNA hana sababu ya kuinunua kwa saa za dola 18.96 akiwa anaweza kuinunua kwa saa za mshahara wa RN. RN huimalizia mtandaoni, akiwa kazini, na zile dola 5,250 za mwajiri zinaanza kulipia kitu kingine. Anayeishi karibu na chuo kikuu cha umma, ana umri wa miaka 20 na hana wa kumtegemea, aende miaka minne moja kwa moja. Wengine wapande kwa ngazi.

Neno kwa waliokwisha kusoma uuguzi nyumbani, wa stashahada ya chuo cha KMTC cha Kenya au ya vyuo vya Tanzania, ambao wako kwenye wodi hizi kama CNA. Msilipie chuo kipya kabla ya kuuliza bodi ya jimbo lenu kuhusu tathmini ya vyeti. Shirika la CGFNS, ambalo mwaka 2025 lilianza kujiita TruMerit, hulinganisha masomo yenu somo kwa somo na ya Marekani, na majimbo mengi huitumia ripoti hiyo kuwaruhusu kufanya NCLEX bila kurudi darasani, au kwa kujaza masomo machache tu yaliyopungua. Kinachochelewesha ni nakala za matokeo kutoka chuoni na barua ya baraza la wauguzi la nyumbani, na hapo ndugu mwenye subira ya kukaa ofisini Nairobi au Dodoma ana faida kuliko wakili.

Bado kuna mstari mmoja wa bajeti usiopangwa na chuo wala serikali. Anayetuma nyumbani dola 300 kila mwezi anatuma dola 3,600 kwa mwaka, karibu sawa na ada ya chuo cha jamii. Sisemi aache. Karo ya mdogo wake na dawa za presha za mama haziahirishwi. Ila familia iambiwe mapema, kwa namba na kwa tarehe: kuanzia Agosti hii hadi Mei ya mwaka wa pili kiasi kitakuwa nusu, na baada ya leseni kitarudi na kuongezeka. Simu hiyo ipigwe kabla ya muhula wa kwanza, wakati bado unaongea na kaka mkubwa kwa utulivu, na mama akiwa amekaa pembeni anasikia.

Dirisha la maombi ya Agosti katika vyuo vingi hufungwa kati ya Januari na Machi, kwa hiyo TEAS inafaa iwe imefanywa kufikia Desemba, ili ibaki nafasi ya kuirudia. Fomu ya FAFSA, ambayo ndiyo mlango wa Pell na wa mikopo ya shirikisho, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1, na haina malipo. Anayekutoza dola 100 kuijaza umlipe asante tu. Maktaba ya mtaa na ofisi ya fedha ya chuo chochote cha jamii hukusaidia bure.